Mwamia Ndege Mjini

Katika utoto wangu kule Ganze, kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa kuamia ndege. Mtama ukianza kukomaa, nilipandishwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti kinachosimamishwa katikati ya shamba, nikapewa kombeo na rundo la mabonge ya udongo, nikaambiwa kwamba punje itakayoliwa na ndege itapunguzwa katika sahani yangu. Shuleni sikupelekwa. Wenzangu walikwenda kusoma herufi, nami nikabaki kuwasoma ndege, na kila niliyemsoma nilimfukuza. Nilikuwa na ukelele unaoanzia tumboni na kumalizikia puani, na nikiutoa, hata mashamba ya majirani yalipona bila wenyewe kuniomba. Mke wangu husema aliijua sauti yangu kabla ya kuniona uso, na kwamba aliponiona uso aliona afadhali angebaki na sauti.

Nimelitanguliza hili ili ijulikane mapema ni mtu wa namna gani aliyejitwika, uzeeni, kazi ya kuwaalika ndege.

Tulihamia Malindi, nyumbani kwa mwanetu, macho ya mke wangu yalipoanza kuzimika. Daktari alisema nuru iliyobaki yaweza kuokolewa, mradi atiwe dawa kila siku na aonwe hospitalini mara kwa mara. Kule kwetu maji yenyewe huyafuata mtu nusu ya asubuhi. Hospitali ataifuata nani? Mke wangu akakubali kuja, ila alikuja na furushi. Alilifunga kwa leso yake kuukuu, akalisukuma chini ya kitanda, na likabaki vile vile limefungwa. Kila alipoombwa atoe nguo zake zipangwe kabatini, jibu lake lilikuwa moja.

"Mgeni hapangi kabati."

Baadaye akaanza kusema kwamba nyumba hii ni bubu. "Asubuhi sijui kama kumekucha," aliniambia. "Kule ndege walikuwa wakiniambia. Mvua za kupanda zikikaribia, mnirudishe."

Nilijua kwamba akirudi Ganze, macho hayo yatakwenda, asione tena. Ningeweza kumbembeleza. Lakini mimi sikuumbwa na ulimi wa kubembeleza; nimewalea watoto wangu kwa kukohoa. Kwa hiyo nilikohoa, nikatoka nje, nikautazama ua.

Ua wetu unatosha kutandika mikeka miwili na kubakiza pa kukanyaga. Una saruji, tangi la maji, mpapai mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Hauna lango la kufungwa, na majirani waendao bombani hukatiza humo kwa kuwa ndiyo njia ya mkato. Niliona haitashindikana. Mtu aliyewajua ndege kwa kuwafukuza, nilijiambia, atashindwaje kuwaita? Ni safari ile ile, kugeuza uso tu.

Nikaanza na makombo ya ugali juu ya ukuta, na kunguru wakaja. Kunguru wa Malindi haalikwi, huarifiwa tu. Walikula ugali, wakachukua sabuni, wakachukua kijiko, na mmoja wao akajifunza kugonga kioo cha dirisha la chumba chetu kwa mdomo akitaka zaidi.

Mke wangu aligeuza sikio dirishani. "Hawa ndio ndege wako?"

"Ni mwanzo," nikasema.

"Kunguru si mwanzo wa kitu."

Mwanetu hufanya kazi ya bustani katika hoteli moja huko Watamu, ambako wageni hutandikiwa viti ili watazame ndege wakila. Akanieleza jinsi wanavyofanya. Chakula hutundikwa juu, mbali na paka. Maji huwekwa karibu. Nguzo hupakwa mafuta machafu ya gari, sisimizi wasipande. "Na utie kitu chekundu, baba," akasema. "Chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, hupenda rangi nyekundu."

Nikasimika nguzo pale uani. Nikaipaka mafuta machafu mpaka ikawa nyeusi tii. Nikatundika vifuu vya nazi vilivyojaa mtama, na chini yake kibuyu cha maji kilichokatwa mdomo. Sketi ya shule ya mjukuu wangu wa kike, nyekundu, iliyokwisha kumbana, niliichana vipande nikavifunga kila upande vipepee. Juu kabisa nikaweka kivuli cha kitambaa cheupe cha mfuko wa unga. Nikarudi nyuma hatua chache, nikaitazama kazi yangu, nikajiona fundi.

Wa kwanza kutua alikuwa pugi, njiwa yule mdogo mwenye haya. Alitua juu ya kifuu, akatazama huku na huku, akainamisha kichwa kudonoa. Hapo mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Ukelele ulitoka kama ulivyotoka miaka yote, wa tumboni mpaka puani, na viganja vyangu vikapigana makofi. Pugi akapotea. Kuku wa jirani wakapotea. Mtoto fulani nyuma ya ukuta akaanza kulia.

Ndani ya nyumba nilimsikia mke wangu akisema kwa utulivu, "Shamba limepona."

Mjukuu wangu, huyu huyu anayeniandikia haya, alikuwa akifua karibu na tangi, akanicheka mpaka akakalia beseni. Kwetu mjukuu wa kike ni mtani wa babu yake, humwita mume na kumsema apendavyo, nami siwezi kumkemea bila kuvunja mila. "Tsawe," akaniambia, kwa maana ya babu katika Kigiriama chetu, "mume gani wewe, unaalika wageni kisha unawapigia mayowe? Tia ugoro mdomoni. Utaogopa kuumeza, utanyamaza."

Tangu siku hiyo nilikaa kizingitini na ugoro chini ya mdomo, nimevimba shavu, sisemi na mtu. Ndege wakaanza kuja kidogo kidogo. Alikuja pugi, wakaja tetere, wakaja mnana wa manjano wenye fujo, na asubuhi moja chozi mwenyewe akaning'inia kwenye kitambaa chekundu, akagundua kwamba si ua, akakasirika. Uani palikuwa pametulia ajabu. Nilidhani ni ustadi wangu, na nilikaa pale kama sultani.

Lakini mke wangu hakuonekana kufurahi. Alikuwa akiketi dirishani, kichwa kimeinama upande. "Mbona siku hizi hapiti mtu?" aliuliza. Nami, kwa kuwa mdomo ulikuwa na ugoro, sikujibu.

Kisha vitu vikaanza kurudi. Nilifungua mlango alfajiri nikakuta kizingitini kifuniko cha sufuria kilichopotea zamani. Kesho yake nikakuta ndoo. Zikafuata vibanio vya nguo, kisu cha jikoni, na papai, si la mpapai wetu, limefungwa katika gazeti kwa heshima. Nikakuta hata kiatu cha mguu mmoja ambacho hakikuwa chetu hata kidogo. Nilisifu mtaa. Nikamwambia mwanetu kwamba watu wa mjini wanasingiziwa tu, kumbe ni waaminifu kuliko wa shamba.

Siku ile alipokuja jirani yetu, mama anayekaanga viazi karai penye kona, ndipo nilipozinduka. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, kando kabisa, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Hapa panatosha, baba. Nimekuja kuomba. Mwanangu alichuma papai lenu, na papai nimekwisha kuleta. Lakini tangu jana analalamika tumbo. Nakuomba umfungue."

"Nimfungue nini?"

Alitazama nguzo, akatazama chini haraka, kama mtu aliyekosea kuingia mahali watu wanaoga.

Nikageuka, nami nikaitazama. Nguzo nyeusi. Vitambaa vyekundu. Kitambaa cheupe. Vifuu na kibuyu. Mimi ni mtu wa Ganze. Nimeyaona mafingo, zile dawa za kutegea wezi, pembezoni mwa mashamba maisha yangu yote. Rangi zake ni hizo hizo tatu, na mwizi akiona hata mti uliofungwa kitambaa cha namna hiyo hupita mbali, asije akavimba tumbo. Hata watu wa bara waliohamia mtaani kwetu, wasiojua lugha yetu, walikwisha kufundishwa maana yake na majirani. Kumbe katika mtaa mzima ni mmoja tu aliyelitazama fingo kila siku asilitambue, naye alikuwa amekaa mbele yake, amevimba shavu, hasemi na mtu. Katika nyumba yetu mgonjwa wa macho hakuwa mke wangu.

Sikucheka. Katika nchi yetu mzee mwenye mvi hachezi na maneno ya uchawi. Yamekwisha kuwaangamiza wenzangu wasio na kosa. Nikatema ugoro.

"Hili si fingo," nikasema. "Ni chakula cha ndege."

"Naam, baba," akasema yule mama kwa adabu kubwa, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata herufi moja. Nami nilimwelewa. Ni mwenye fingo gani aliyewahi kukiri?

Mke wangu alikuwa amesikia yote dirishani. "Kwa hiyo ndiyo sababu hakuna hodi," akasema. "Nilikuambia nyumba ni bubu kwa kukosa ndege. Umeniletea ndege, ukaniondolea watu."

"Nitaling'oa," nikasema.

"Ukiling'oa watasema umelificha. Dawa huonjwa na mwenyewe mbele za watu. Si ndiyo desturi? Basi onja."

Yule mama wa viazi, aliyekuwa anaondoka, akasimama. Wengine wawili watatu waliokuwa na ndoo njiani wakasimama pia. Sikuwa na njia. Nikaiendea nguzo, mzee mzima wa kuogopwa na wanawe, nikavua kofia, nikachota mtama kutoka kifuuni, nikautia kinywani. Mtama mbichi haufai kwa mtu aliyebakiwa na meno yasiyokutana. Niliutafuna upande huu, nikauhamishia upande ule. Kisha nikainua kibuyu nikanywa maji ya ndege, yenye unyoya.

"Anafanya nini?" mke wangu aliuliza.

"Hawe, anakula chakula cha ndege," mjukuu akamjibu bibi yake.

"Anakimaliza?"

"Anajitahidi."

Mke wangu akacheka. Tangu tuhamie Malindi sikuwa nimekisikia kicheko kile, na kilimpata yule mama wa viazi kikamwambukiza, na kutoka kwake kikaenda mpaka kwa wenye ndoo. "Baba," yule mama akaniambia huku akijifuta machozi kwa ncha ya leso, "ungeniambia, ningekuletea chumvi."

Siku ile ile nilivifungua vitambaa na kuifuta nguzo. Watu wakarudi kukatiza uani, kila mmoja na hodi yake dirishani, na mke wangu akiwaitikia kwa sauti ya mtu mwenye kazi. Yule mtoto tumbo lilipona. Alikuwa amekula papai bichi. Ndege nao, kwa kelele zile, wakapungua.

Jioni mke wangu alimwita mjukuu amvutie furushi kutoka chini ya kitanda. Akalifungua mwenyewe kwa kupapasa. Katika pembe ya leso palikuwa na fundo, na ndani ya fundo mtama, ule mwekundu wa kwetu, aliouchagua kwa mkono ili aupande mvua zikija.

"Mtama wa ndege umeliwa na mzee," akasema. "Watilieni huu."

"Hiyo ni mbegu," nikasema.

"Najua ni mbegu."

"Mbegu hawapewi ndege."

"Na mwamia ndege hatundiki vifuu. Chukua, mzee, kabla sijabadili nia."

Nikauchukua. Kwa mkulima, kumwaga mbegu namna ile ni kama kujikata kidole, lakini niliumwaga, huku nikikohoa. Niliporudi ndani, mjukuu alikuwa akizipanga nguo za bibi yake kabatini.

Alfajiri mke wangu alinigusa bega. "Amka. Kumekucha."

Nikasikiliza. Ko, ko, ko, kwenye kioo.

"Huyo ni kunguru," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini amebisha hodi."