Mwaka Baba Alipoingia Mbio za Familia

“Umemuuliza mwenyewe?”

Mwanangu, niliulizwa swali hilo nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, na sikuwa na jibu. Nami nilikuwa msichana wa maswali. Nilimuuliza kasisi, nilimuuliza mhadhiri, nilimuuliza mwenye kioski kwa nini anaficha sukari chini ya meza. Kukosa jibu kulikuwa kwa wengine, si kwangu.

Tulikaa mtaa wa Jericho, kwenye nyumba za kansili, za kupanga kwa baraza la jiji. Kila likizo ya Agosti kamati ya mtaa iliandaa mbio za familia katika bustani iliyokuwa nyuma ya ukumbi. Watu walizunguka bustani mara mbili, wakanywa chai na mandazi, wakarudi nyumbani kufua. Mbio hizo zilikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwingine: familia ilianza pamoja, na haikuhesabiwa kuwa imefika mpaka wa mwisho wao avuke mstari. Kwa hiyo kijana mwenye mbio zake alifika, akageuka, akarudi kumfuata nyanya yake. Kuna familia zilizoshindwa kwa sababu ya bibi mmoja aliyesimama njiani kusalimia watu.

Baba alikuwa dereva wa basi. Mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanamtoka taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Tangu hapo, kila nilipokuja nyumbani nilimkuta ndani, kiti kimeelekea redio. Wenzake wa kazi walipokuja kumwona, alijifanya amelala. Basi fikiria niliporudi likizo, nikaambiwa na Mama kwamba jina letu limo kwenye mbio: yeye, mimi na Baba.

Nilikasirika. Nilimuuliza Mama ni nani aliyeona ni busara kumtoa mgonjwa mbele ya mtaa mzima, na mbio za kurudi pale pale ulipoanzia zina maana gani hata kwa mtu mzima wa afya. Mama alikuwa anakata mboga za sukuma. Aliniambia chuo kimenifundisha kuuliza, sasa anangoja wafike somo la kusikiliza. Kama nina neno, nimpelekee mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kilonzo, mchonga vinyago, jirani yetu wa ukuta mmoja. Hata fimbo ya Baba aliichonga yeye. Nilimkuta mlangoni pake akimpiga twiga msasa. Aliniambia nikae, nikasimama. Nikamweleza kwamba mgonjwa si maonyesho, kwamba watoto wa mtaa watamcheka, na wasiomcheka watamhurumia, jambo ambalo ni baya zaidi. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akapuliza vumbi kwenye shingo ya twiga.

“Umesema vizuri, Nyambura. Umemuuliza mwenyewe?”

Nilikuwa nimemuuliza daktari habari za Baba, nimemuuliza Mama habari za Baba. Baba mwenyewe nilikuwa namuuliza kama amekula, na kama nimletee maji.

“Nenda kamuulize,” akasema. “Akikataa, jina nitalifuta mimi.”

Nilirudi nyumbani, nikapunguza redio. “Baba, Jumamosi unataka kwenda?”

Alikawia. Nikaanza kumtafutia neno, naye akainua mkono wa kushoto kunizuia.

“Nataka,” akasema.

Swali la pili lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: una uhakika? Mama alinitazama, nikalimeza.

Jumamosi Baba alivaa raba nyeupe, na shati lake la kazi. Kipyenga kilipolia, bustani yote ilituacha. Tulikuwa bado mzunguko wa kwanza wakati wengine wamekaa kwenye nyasi na vikombe vya chai. Vijana wa mtaa walikuwa wamepanga mstari kando ya njia, na mmoja akampazia Baba sauti.

“Buda, hiyo ni gia gani?”

“Ya kwanza,” Baba akajibu, neno moja moja. “Nimebeba... abiria.”

Vijana walicheka sana, na abiria wenyewe, Mama na mimi, tukacheka. Sitakudanganya kwamba nilikosea yote. Huruma ilikuwepo. Mama mmoja alijifuta macho kwa ncha ya leso, na Baba alimwona. Akaendelea kutembea.

Karibu na bomba la maji, mstari tukiuona, mguu ulikataa. Nilimshika kiwiko, akakivuta. Tukasimama. Pale mbele Mzee Kilonzo aliweka kipaza sauti chini. Alichukua kopo la majivu akauchora upya mstari, maana ulikuwa umefutwa na miguu ya waliotangulia. Baba alimtazama akichora mpaka mwisho. Kisha akainua fimbo, na mguu ukafuata.

Tulikuwa wa mwisho. Sufuria ya zawadi ilikwenda kwa familia moja ya nyumba za mbele. Jumatatu Baba aliomba kiti chake kitolewe nje, na wenzake walipokuja walimkuta macho.

Mwanangu, sikwambii upunguze maswali. Mimi sijapunguza. Ila ukitaka kumtetea mtu, anzia kwake, kabla ya daktari na kabla ya jirani. Na akikupa jibu, lipokee lilivyo, hata kama ni neno moja. Usimdai na uhakika juu yake. Nakuombea Mungu akupe nyumba ambayo watu wako hawaogopi kukwambia jambo likiwa bado bichi, na akupe magoti ya kutembea polepole pamoja nao.

Baba alikuwa ameshazikwa, na nywele zangu zimeanza mvi, Mzee Kilonzo aliponieleza mengine. Miezi ile yote, mimi nikiwa chuoni, wao wawili walikuwa wakiizunguka bustani alfajiri, kabla mtaa haujaamka. Pale kwenye bomba Baba alikuwa ameanguka alfajiri moja. Jina letu alikwenda kuliandikisha yeye mwenyewe, kisha akawakataza Mama na Mzee Kilonzo wasiniambie. Alisema ningemuuliza kama ana uhakika, naye hakuwa na uhakika.