Gesi Imeisha, Mtungi Umejaa

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikieleza vibaya mambo ya kompyuta mnivumilie. Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, hapa juu ya Tengeru, kilikubaliana kila gunia liandikwe kwenye kitu kinaitwa blokcheni, ili mnunuzi wa ng'ambo ajue kahawa ni ya nani. Walituambia ni daftari lililo kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, ukishaandika halifutiki. Mwandishi wakamchagua mkwe wangu, mke wa mwanangu. Anatoka Kilimanjaro, na watu wa kule biashara wanaijua, ndiyo maana moyo ulikataa kutulia. Miaka yote kahawa yangu ilichanganywa na ya wengine ikapotea. Sasa itapata mwenyewe, nikawaza, ila huyo mwenyewe atakuwa wa ukoo wa mkwe.

Siku alipofungua kompyuta pale nyumbani aandike gunia langu, nikavuta kigoda nikakaa nyuma yake. Nilitegemea picha, maana hata simu yangu ndogo ina picha ya bahasha. Hakuna. Dirisha jeusi, herufi nyeupe. Anaandika amri mstari mmoja, anagonga, lile jeusi linamjibu.

"Jina langu liko wapi?"

"Hili hapa, baba." Akanionyesha herufi na tarakimu ndefu.

"Hiyo si namba ya chasisi ya pikipiki?"

Akacheka. Kisha akasema, "Ngoja kidogo, gesi imeisha."

Nikaenda jikoni nikatikisa mtungi. Mzito! Nilikuwa nimeubeba mwenyewe jana yake, mgongo bado unauma. Nikarudi. "Mtungi umejaa, mama. Unanidanganya kwa nini?"

Alicheka mpaka akafuta macho. Kumbe gesi ni ada ya kuandikia humo. Sasa mtu mwenye nia njema si angeiita ada?

Alipoongeza hiyo gesi yake akasema, "Basi nipe neno lako mwenyewe niliweke kwenye gunia lako. Uende ghalani Tengeru wakusomee kwenye kompyuta yao."

"Andika: mkwe wangu simwamini."

"Baba, haifutiki."

"Andika."

Akaandika. Akagonga.

Kule ghalani karani naye alikuwa na dirisha jeusi. Akasoma kimya, akanitazama, halafu akasoma kwa sauti mbele ya wakulima wote: namba yangu, kijiji, gunia, na chini yake, mkwe wangu simwamini.

"Mzee, hii kahawa ni yako kabisa," akasema. "Nani mwingine angeandika hivi?"

Ghala zima likaangua kicheko.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mkwe anachambua maharage. Nikakohoa. "Ongeza mstari. Sema kahawa imeonekana."

"Na mkwe je?"

"Sema... ameandika vizuri."

"Sawa baba. Ila gesi imeisha."

Hakuinua hata macho. Mpaka leo sijui iliisha kweli, au alitaka ule mstari wangu ubaki peke yake huko ng'ambo. Mtungi sikwenda kuutikisa.