Tangi la Wageni

Nakiri nna wivu, na wivu wenyewe ni wa gari.

Jumamosi asubuhi, hapa Mpendae, nilikwenda na dumu langu kwa jirani, bibi mwenye kisima. Kila nikenda huniambia mota imeharibika. Siku hiyo mota ilikuwa inanguruma. Mlangoni kwake limesimama gari lenye kitanda na jiko ndani, na ubavuni lina tundu la kutilia maji. Wenyewe ni Wazungu wawili, mtu na mkewe, waliolala humo siku tatu ufukweni Kendwa mpaka tangi lao likakauka. Bibi kashika mpira kwa mkono wake, anawajazia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba,” akajibu bila kugeuka.

Tangi likafurika, maji yakanifika miguuni. Mgeni akaashiria kuwa yanatosha. Bibi akamwambia, “Ngoja, lishibe.”

Nikainua dumu. “Na mimi bibi, hili moja tu.”

Akazima mota, akakunja mpira taratibu, ndipo akanitazama. “Mwanangu, hawa nshawapa, wanakwenda zao. Wewe nikikupa leo, kesho si utarudi?”

Nikashusha dumu, maana ningerudi kweli.

Laiti nyumba yangu ingekuwa na magurudumu, ningehama leo nije kesho nikiwa mgeni. Miaka kumi na mbili tunapakana ukuta, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kisima chake kunifaa: nilirudi nyumbani dumu kavu, lakini miguu imetakata.