Mikono Isiyopakwa Mafuta

Nyumbani walimwita Chaki, na jina lilimfaa. Viwiko vyake vilikuwa vyeupe, vidole vimepasuka kwenye maungio, na ukimpa mkono ungedhani umeshika gome la mti. Si kwamba alikuwa mchafu. Alikuwa mhandisi wa mwaka wa pili katika kazi ya kuunda mkono wa roboti, utakaorushwa angani ukashike setilaiti mbovu na kuzitengeneza hukohuko juu. Kwenye kifundo cha mkono huo kulikuwa na kamera, na kamera ilikuwa na adui mmoja: mafuta. Chembe isiyoonekana kwa macho, ikifika mahali pasipo na hewa, hugeuka mvuke. Mvuke huganda kwenye kioo, na roboti huwa kipofu. Kwa hiyo wanaoingia chumba safi, kile cha kuundia mkono huo kisichotakiwa hata vumbi, hawapaki mafuta, losheni wala manukato, na mikono wanaifuta kwa spiriti mara kumi kwa siku.

Shangazi yake, aliyemlea na ambaye bado aliishi naye, hakuielewa sheria hiyo, au aliielewa akaidharau.

"Unapeleka mashine mbinguni na viwiko vya mamba," alikuwa akimwambia. "Huko juu watasema huna kwenu."

Chaki hakuwa na nguvu za kubishana. Wiki ile alikuwa akitoka kabla ya jua na kurudi akiburura miguu. Jioni moja alikaa kitini, kiatu kimoja bado mguuni, akalala usingizi wa pono. Shangazi aliiona ile mikono imelala mapajani, nyufa zikitoa damu. Akaleta kopo lake la mafuta ya mgando akampaka taratibu, kidole kimoja kimoja, kama alivyompaka alipokuwa mdogo. Hakumwamsha.

Asubuhi, mlangoni pa chumba safi, Chaki alisikia harufu ya mafuta mikononi mwake. Sheria ilimtaka aseme na asiingie siku hiyo. Lakini siku hiyo ndiyo ya kukifunga kifundo, na kifundo alikuwa amekichora mwenyewe kwa miezi minane. Akanawa kwa sabuni mara mbili, mara tatu, akajiambia yametoka. Kisha, kwa uchovu, akaivuta glavu kwa kuigusa upande wa nje kwa vidole vitupu, badala ya kuishika ukingoni. Basi, mafuta yakabaki juu ya glavu.

Kifundo kilipofungwa, mkono wa roboti uliingizwa kwenye tangi la majaribio, hewa yote ikanyonywa. Siku ya tatu picha za kamera zikatoka na ukungu.

Mhandisi mkuu aliwakusanya wote. Kila kitu kingefunguliwa na kusafishwa upya, wiki tatu. Nani alipaka mafuta? Wahandisi walitazama viatu vyao, Chaki akiwa mmoja wao. Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kama wenzake, na aliyechoka huokota jibu lililo karibu. Mtu mmoja akasema aliwahi kusikia harufu ya mafuta kwenye nywele za mama wa usafi, yule anayefuta meza na sakafu za chumba kile. Mama akajibu kwamba hupaka siku za mapumziko tu. Hakuna aliyeandika alichosema. Alikuwa ameletwa na kampuni ya vibarua, na simu moja ingetosha kumwondoa. Ndivyo tulivyozoea: wenye shahada wanakosea, mwenye ufagio anabebeshwa. Mkuu akasema atapiga hiyo simu kesho asubuhi.

Chaki alijua bei ya kusema. Anayevunja sheria ya mafuta hutolewa chumba safi mpaka mkono urushwe. Kifundo chake kingemaliziwa na mikono ya wengine. Alikwenda nyumbani, akala bila kuonja.

Asubuhi aliingia ofisini kwa mkuu begi likiwa bado mgongoni. Simu ilikuwa tayari mkononi mwa mkuu.

"Ni mimi," Chaki alisema. "Nilikuwa na mafuta mikononi."

"Ulijua, ukaingia?"

"Nilijua."

"Na jana hukuwa na mdomo?"

"Nilikuwa nao, mkuu."

Mkuu aliiweka simu mezani. Akanyoosha mkono, Chaki akampa kadi ya kufungulia chumba safi. Kuanzia siku hiyo angeandika ripoti ghorofani.

Kwenye korido alimkuta mama wa usafi akikamua dekio. Akamweleza yote, akamwomba radhi. Mama hakuacha kukamua.

"Ungesema jana, injinia, ningelala," alisema. Kisha akasogeza ndoo. "Pita pembeni, pamelowa."

Shangazi alishangaa kumwona amewahi kurudi. Chaki hakumwambia kwamba mafuta yake ndiyo yaliyotia ukungu kamera. Alilishusha kopo kutoka rafuni mwenyewe, akakaa, akanyoosha mikono.

"Nipake, shangazi."

"Leo wamekuruhusu?"

"Wameniruhusu."

Shangazi akacheka, akasema hatimaye wakubwa wake wamepata akili. Mafuta yalipoingia kwenye nyufa yalimchoma, lakini hakuivuta mikono.