Vita vya Angani Chumbani kwa Mama

Mdogo wangu wa kiume alianguka kutoka juu ya bati akifunga dishi kwenye nyumba ya mteja, pale Maili Moja. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta, na madishi alifunga kama kazi ya nyongeza. Shingo ilivunjika. Hospitali walifanya walichoweza, lakini alipotoka miguu ilikuwa haina habari naye, na vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimejikunja, haviwezi kushika hata kijiko. Mabega aliweza kuyainua. Akili na ulimi vilibaki vilevile.

Mimi naishi Sofu, hapo Kibaha, nafundisha shule ya msingi, na nyumba niliyopanga ina ngazi na choo cha nje. Hapakuwa na namna ya kukaa naye. Tukampeleka Kisarawe kwa mama, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha la kutazama mihogo. Mama alifundishwa na nesi jinsi ya kumgeuza asipate vidonda, jinsi ya kumlisha, jinsi ya kuangalia mpira wa mkojo. Mimi nikawa nakwenda kila Jumamosi, nalala, Jumapili narudi Kibaha.

Siku zile alikuwa haongei sana. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza anataka nini anasema hataki kitu. Kisha jioni moja mama alimwekea simu sikioni, naye akaniambia, "Dada, ukija niletee kompyuta yangu. Ile kubwa."

"Utaifanyia nini?" Neno lilinitoka kabla sijalifikiria.

"Wewe ndiye utakayeifanyia," akasema.

Kulikuwa na gemu aliyoipenda tangu zamani, ya vita vya angani. Una sayari zako, unajenga viwanda, unaunda meli za kivita na kuzituma kwenye nyota nyingine, na maadui nao wanafanya hivyohivyo. Nilikuwa nikipita kibandani kwake jioni namkuta anaicheza, mkono wake ukitembea kwenye mausi polepole kama mtu anayechambua mchele. Sikuwahi kumuuliza inachezwaje. Niliona ni mambo yake.

Tukaipanga kompyuta juu ya meza ya kulia chakula, tukaisogeza mpaka kitandani. Mama akamwegemeza kwa mito. Mimi nikakaa kwenye kigoda, mausi mkononi.

"Zungusha hilo gurudumu la katikati kwenda mbele," akasema. "Hapo unasogea karibu. Ukilirudisha nyuma, unakwenda mbali."

Nikazungusha. Kioo chote kikajaa kitu cha kijivu chenye mashimo.

"Hilo ni jiwe, dada."

"Meli ziko wapi?"

"Nyuma yako."

Nikageuka kweli. Nyuma yangu kulikuwa na kabati la vyombo la mama. Mdogo wangu akafumba macho.

"Rudi nyuma na kamera, hilo jicho unaloangalia nalo. Rudi. Rudi sana."

Nikarudi mpaka sayari zote zikawa nukta, na meli zetu sikuweza kuzitofautisha na vumbi la kwenye kioo. Akaniambia nibonyeze nukta ya kijani, halafu nibonyeze herufi F, kamera itaishika hiyo meli na kuifuata. Nikabonyeza. Kamera ikaruka, ikaenda kuganda kwenye meli ya mizigo iliyokuwa peke yake mbali kabisa na vita. Nilipojaribu kuiondoa pale nikashika kitufe cha kulia, anga nzima ikapinduka. Sayari ikawa juu, meli zikaning'inia kama popo.

"Juu ni wapi huku?"

"Angani hakuna juu."

"Sasa nitajuaje?"

"Kushoto," akasema. "Wanakuja kushoto. Kushoto! Dada, KUSHOTO!"

Mama akaja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga. Alidhani mtoto ameanguka kitandani. Alipoona ni mchezo alisimama mlangoni, na mimi nilipotaka kumwambia mdogo wangu apunguze sauti, mama akanikataza kwa kichwa. Tangu atoke hospitali alikuwa hajawahi kupaza sauti.

Siku hiyo tulipoteza meli zote. Mama akauliza, "Mmeshinda?"

"Bado, mama," mdogo wangu akamjibu.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu ya Jumamosi. Nilijitahidi. Nilijifunza kusimamisha mchezo kwanza, ndipo nitafute meli. Nilijifunza kwamba ukiweka mshale juu ya sayari kabla ya kuzungusha gurudumu, kamera inakwenda pale kwenye mshale, haipotei. Lakini kila nilichojifunza kilikuwa kidogo kuliko kilichotakiwa. Yeye alikuwa anaijua ile gemu kwa vidole. Alikuwa anaanza kuniambia, "Fanya vile, ile ya…" halafu ananyamaza, maana hakuwa na neno la kile ambacho kidole chake kilikuwa kikikifanya chenyewe miaka yote. Bega la kulia lilikuwa likiinuka, mkono unaburuzika kidogo juu ya shuka, kisha unasimama. Mimi nilikuwa nauona ule mkono kwa pembe ya jicho. Najifanya natafuta meli.

Jumamosi moja mambo yalituendea vizuri. Tulikuwa na sayari kadhaa, na adui mmoja alikuwa amekwisha kurudi nyuma. Ghafla wakatushambulia sehemu mbili kwa mpigo. Mdogo wangu akataka nisisimamishe mchezo, alisema nikisimamisha kila mara hasikii kama anacheza. Nikawa narudi mbali niwaone wote, siwezi kuona nani anampiga nani. Nasogea karibu kwenye sayari moja, ile nyingine inapiga king'ora. Naifuata, nakuta moto. Nikamuuliza niende wapi. Hakujibu. Nikauliza tena kwa sauti, macho yangu yako kwenye kioo, "Niende wapi? Niambie!"

Mama ndiye aliyeingia na kusema, "Mwanangu, mbona unatoka jasho hivyo?"

Nikageuka. Uso wa mdogo wangu ulikuwa mwekundu, jasho linatiririka, meno ameyauma. "Kichwa," akasema. "Kichwa kinapasuka."

Nilisimama tu nimeshika meza. Mama alifunua shuka, akafuata ule mpira wa mkojo kwa vidole mpaka akakuta umejikunja chini ya paja, mkojo umezuiwa, jambo ambalo nesi alimwonya kuwa hupandisha presha ghafla. Akaunyoosha. Kisha tukamwinua akae wima, mama akampangusa, akawa anasema taratibu, "Tulia baba, tulia, unapita sasa." Nilimshika kichwa chake kifuani kwangu. Nilisikia mapigo yake shingoni, ya kasi mno, halafu yakaanza kupungua.

"Ningesema," aliniambia baadaye. "Nilidhani ni ile presha ya mchezo."

Kwenye kompyuta sayari zote mbili zilikuwa zimekwenda, na kamera ilikuwa bado inazunguka mahali palipokuwa na moja, inatazama giza. Nikamuuliza kama niizime.

"Zima."

Jumamosi iliyofuata nilikuta mama ameifunika kompyuta kwa kanga. Mdogo wangu alitaka habari za Sofu, nani amejenga, kibandani kwake kuna nani sasa. Nikamwambia kuna kijana anauza vifuniko vya simu. Akaitikia, "Sawa," akageuza uso dirishani. Nilipika, nikafua, nikaondoka.

Ilichukua muda mpaka akaniambia niifunue. Sasa tunacheza baadhi ya Jumamosi, si zote. Mama anaangalia mpira kwanza. Ninasimamisha mchezo kila ninapotaka na yeye hanikatazi tena, ingawa najua anaupenda ukiwa unakimbia. Mazoezi anafanyiwa, vidole viko vilevile. Mimi nami na kamera tuko vilevile, au tumesogea kidogo tu. Juzi nilitaka kumwonesha meli mpya niliyoiunda mwenyewe, nikazungusha gurudumu, tukaingia ndani ya jua.

"Toka humo, dada," akasema bila kukasirika.

Tulishindwa kabla ya alasiri. Mama alikuwa ameleta chai. Nikachukua kikombe chake, nikakiinamisha mdomoni mwake kidogokidogo.

"Ya moto?"

"Kidogo."

"Niipoze?"

"Hapana. Iache hivyohivyo."