Koti la Matanga kwenye Baridi ya Milimani

Koti la Baba lilinukia vitu viwili: vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, na moshi wa magogo. Harufu ya vidonge ilitoka kwenye sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda. Ile ya moshi ilitoka matangani. Mtu asiyetoka Ndhiwa huenda asinielewe mara moja. Kwetu jua huwahi kuamka na huchelewa kulala, na baridi tuliijua mahali pamoja tu, kwenye mkesha wa msiba, watu wanapokaa nje kuzunguka moto hadi alfajiri ili marehemu asilale peke yake. Kwa hiyo kila boma lilikuwa na koti moja zito la mitumba, jeusi au la kijivu, lililofika chini ya magoti, na kazi yake ilikuwa hiyo moja. Halikuvaliwa sokoni wala kanisani. Ukimwona jirani analianika koti uani, ulimwendea polepole ukamuuliza ni nani aliyetutoka.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa darasa la sita, na jina langu la shuleni lilikuwa Kifua. Nilipewa jina hilo kwa sababu nilipokuwa mdogo niliugua homa ya mapafu, na watu wakaanza kuzungumza na Mama kwa sauti ile ya chini inayotumika penye mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Nilipona, lakini Mama hakupona. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama alishtuka kwa kila chafya yangu. Usiku, kabla sijalala, alinigeuza, akaweka sikio lake mgongoni mwangu na kusikiliza, kama mtu anayesikiliza iwapo chungu kimeanza kuchemka. Sikio lake lilikuwa na joto. Nilikuwa nimelizoea kiasi kwamba nilidhani watoto wote hulazwa hivyo.

Sasa, Kifua huyu alikuwa na mbio. Nasema bila haya, kwa maana ningenyamaza ningekuwa nadanganya: katika shule yetu hapakuwa na msichana wa kunishika, na wavulana walionishika walikuwa wachache na walijulikana kwa majina. Nilishinda mbio za nyika za tarafa, nikashinda za wilaya pale Homa Bay, kwenye joto la kukausha mate, na nikachaguliwa kwenda kukimbia na watoto wa wilaya nyingine, katika shule moja ya milimani upande wa Kisii, mwezi wa Julai. Mama aliposikia neno milimani aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea mtama.

"Huko kuna baridi," alisema. "Haendi."

Mwalimu Odera, aliyetufundisha michezo, alikuja nyumbani jioni ile ile. Alikaa, akanywa uji, akasifu uji, ndipo akaeleza kwamba mkimbiaji huvaa fulana na kaptura basi, awe juani au penye barafu. Mama alimsikiliza kwa heshima yote mpaka mwisho. "Mwalimu, mbio ni zako," alisema, "lakini kifua hiki nilikikesha mimi. Akienda, nami naenda. Na nguo nachagua mimi." Mwalimu alitazama ndani ya kikombe chake, akakubali. Mimi nililia kwa furaha, kisha nikaanza kuogopa, kwa sababu nilimjua Mama. Nilitaka kitu kimoja tu maishani wakati ule, kukimbia pale hadharani nikiwa mzima, mpaka jina la Kifua liwatoke watu vinywani. Sikujua kama ningeweza kufanya hivyo nikiwa nimefungwa kama mzigo wa tumbaku.

Wiki ile nyumba yetu iligeuka duka. Jirani alileta sweta la sufu la mumewe. Shangazi alileta kofia ya kufunika hadi masikio. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alileta samli kwenye kibuyu, akaapa kwamba baridi huteleza juu ya ngozi iliyopakwa samli na kuanguka chini. Baba, aliyekuwa akiendesha trekta la miwa kule Awendo, alituma soksi ndefu za kuchezea mpira, za kufika magotini. Na juu ya vyote likatoka koti la matanga. Mama alinivika kila kitu saa sita mchana, akaniambia nikimbie hadi kwenye mkuyu na kurudi, aone. Nilifika kwenye mkuyu. Kurudi nilirudishwa, mmoja kanishika huku na mwingine kule, nikitiririka jasho na samli, na mbwa wetu akinifuata akinilamba visigino. Dani alicheka hadi akakaa chini. Mama hakucheka. Alisema jua la Ndhiwa si shahidi wa haki, na kwamba tutaamua huko huko.

Tulisafiri kwa lori, watoto wa shule mbalimbali, na ndipo nilipogundua kwamba Mama hakuwa peke yake. Kila mtoto alikuja na koti la kwao. Baada ya Rongo barabara ilianza kupanda, upepo ukabadilika ukawa na meno, na tukajikunyata ndani ya makoti yale meusi mpaka mikono ikapotea. Tulipoingia langoni mwa ile shule ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, na mama mmoja wa pale, aliyembeba mtoto mgongoni, alitutazama tukishuka mmoja mmoja kimya kimya. Akavua kitambaa kichwani. Akamjia Mama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Poleni sana," alisema. "Matanga iko wapi?"

"Hatuna matanga," Mama alijibu. "Tumekuja mbio."

Yule mama alitutazama tena, kutoka kofia hadi viatu, akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa, na Mama naye, aliyekuwa hajacheka wiki nzima, akacheka. Walicheka wameshikana mikono kama watu waliosoma pamoja. Nyuma yao watoto wa milimani walikuwa wakikimbia taratibu kuzunguka uwanja, na fulana na kaptura ndizo nguo zao zote, wengine bila viatu, na moshi mweupe ulitoka vinywani mwao. Mama aliwatazama kwa muda mrefu.

"Hawa watoto wenu hawasikii baridi?" aliuliza.

"Wanasikianga kama wamesimama," yule mama alisema. "Akianza kukimbia, hiyo inaisha. Baridi mbaya ni ile ya kumaliza. Jasho ikipoa kwa mwili, hapo ndio mtoto anashikwa."

Waswahili husema ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho, lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na niliviona vile vita usoni mwa Mama. Tuliitwa tujipange. Alinitoa koti. Akasita. Akanitoa kofia, kisha sweta la jirani, na kila alichonitoa alikikunja vizuri mkononi. Nilibaki na fulana na kaptura, meno yakigongana. Akanipaka samli ya Dani kifuani na mgongoni, kwa nguvu, mpaka ngozi ikawaka. Halafu akatoa zile soksi za Baba, akazikata vidole kwa meno na kuchana, akanivalisha mikononi mpaka juu ya viwiko. Wasichana wawili wa milimani waliziangalia wakanong'onezana. Sikujali.

"Kimbia," Mama aliniambia. "Nguo zako ninazo mimi. Nitakuwa pale mwisho."

Mlima wa kwanza ulinipiga. Hewa ya kule ni nyembamba, unaivuta na haikutoshi, na nilipitwa na watoto ambao kwetu ningewaacha wakila vumbi langu. Lakini kifua kilifanya kazi. Nilikisikia kikifanya kazi, kikifunguka na kufunga, na mikono ndani ya soksi ilikuwa na joto, na samli ilinukia kama jikoni kwa Dani. Tuliposhuka kwenye majani chai nilizisukuma soksi hadi kwenye vifundo vya mikono, nikaanza kuwarudia mmoja mmoja. Kwenye uwanja nilinyanyua macho. Upande wa pili wa utepe alisimama mwanamke mmoja, ameshika koti jeusi limefunguka pande zote mbili, kama mlango. Wengine walikuwa wakikimbilia utepe. Mimi nilikimbilia lile koti. Nilikuwa wa pili, na wa kwanza kutoka nyanda za joto.

Alinifunga ndani yake kabla sijasimama. Hapo hapo, mbele ya walimu na wageni, Mama aliinama, akaingiza kichwa ndani ya koti, na kuweka sikio mgongoni mwangu. Nilihema, na yeye akasikiliza. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa.

"Kori ler," alisema. Kifua chako ni safi.

Jina la Kifua lilibaki, lakini tangu siku ile watu walilitamka kwa namna nyingine.

Siku hizi naishi kwenye baridi ya kweli, mji wa milimani, na binti yangu anakimbia. Kabla ya mashindano hutandaza nguo zake kitandani: za kubana, za kupitisha jasho, na hata mikono isiyo na shati, inayouzwa dukani kwenye pakiti safi kana kwamba ni uvumbuzi wa jana. Nilipomwonyesha Mama ile mikono alipokuja kututembelea, aliigeuza geuza akasema, "Soksi za baba yako zilikuwa nzito zaidi." Binti ana saa inayomwambia nyuzi za baridi, na huchagua vizuri kuliko tulivyochagua sisi. Haniulizi avae nini, nami simwambii. Ninachofanya ni kulianika koti la Baba siku moja kabla, na kwenda kusimama nalo mwisho wa mbio, limefunguka. Akimaliza, hunipita kwanza, kwa kuwaonea haya wenzake. Huenda hatua chache akihema, mikono kiunoni. Halafu jasho huanza kupoa, naye hugeuka akaja kuingia.