Mwaka Nilioomba Mvua Isinyeshe

Maji ya mto Thames yakipungua, upande wetu wa Thamesmead tope hubaki wazi na kutoa harufu nzito yenye chumvi. Wengine huziba pua. Mimi husimama pale ukingoni nikavuta pumzi, na kwa muda kidogo siko London tena. Niko Ugogo, kwenye mbuga nyeupe upande wa Bahi, nina miaka saba.

Nikueleze mbuga ile ilivyo, maana hata Watanzania wengi wameiona kwenye dirisha la treni tu. Ni tambarare mpaka macho yanachoka. Mvua za kule huja msimu mmoja kwa mwaka, na zikija mbuga hugeuka ziwa. Kuanzia Mei maji hukauka, tope huwa gumu kama tofali lililochomwa, na chumvi hutokeza juu yake kama unga uliomwagika. Kisha ni upepo na vumbi mpaka Desemba. Bibi, mama yake mama, alisema kwamba zamani, kabla ya reli, misafara ya pembe za ndovu ilipita pale ikielekea Tabora, na babu zake waliiuzia maji na chumvi.

"Walikaa?" niliuliza.

"Nani akae hapa? Walipita."

Mama naye alipita. Mvua zilipokwisha aliikata mbuga kwa miguu, viatu mkononi, kwenda kupanda treni. Alikuwa anatafuta kazi, kwanza Dar es Salaam, baadaye huku. Tope lilikuwa bado laini. Lilipokauka, nyayo zake zilibaki, na kila kidole kilionekana.

Nilizitembelea kila nilipotoka shule. Nilipuliza vumbi lililoingia ndani. Nilitia mguu wangu, ukamezwa, na nafasi ikabaki. Kwenye hatua ya kumi na moja kisigino kilikuwa kimezunguka. Hapo aligeuka kututazama. Hapo ndipo nilipokaa zaidi, mpaka jua lipungue ukali.

Sikumwambia mtu. Wanawake wa kijiji walikuwa wakichota udongo wa chumvi kule mbugani, wauchuje na kuuchemsha, na njia yao ilipita karibu na pale. Siku moja nilimsikia jirani yetu, Mama Chiku, akilalamika na beseni lake kichwani.

"Wee bibi, mbona mwaka huu unatuzungusha mpaka kwenye migunga? Shingo yangu inazama mabegani!"

"Pale katikati kuna nyoka," Bibi akajibu.

"Nyoka gani anakaa kwenye chumvi?"

"Mwenye shingo fupi kama wewe. Zunguka."

Nilimwogopa sana nyoka huyo, lakini sikuacha kwenda.

Desemba ikaisha bila mvua. Uwele tuliopanda kwenye vumbi ukaliwa na mchwa. Kanisani watu walipiga magoti kuomba, nami nilifumba macho pamoja nao, midomo ikicheza kama yao. Ila moyoni nilisema: isinyeshe, tafadhali, isinyeshe. Mvua ingezifuta.

Kisha mbuzi jike wa Bibi, mwenye mimba, akaanguka karibu na zizi, asiinuke. Bibi alikaa chini akakipakata kichwa chake mpaka kikawa kizito. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Bibi, ni mimi. Niliomba mvua isije."

Hakuniuliza kwa nini.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani, "hata mbuzi hawakusikii ukiwaita. Mvua ndiyo ikusikie?"

Nikacheka huku nalia.

Siku chache baadaye, mchana, tukiwa darasani, harufu ya vumbi lililoloa iliingia dirishani. Nilichomoka bila ruhusa. Mvua ilikuwa imeifunika mbuga, mbingu na ardhi hazitenganishiki tena, na nilikimbia kama mtu anayekimbia ndani ya weupe wa maziwa. Nilipofika nikamkuta Bibi amesimama kwenye hatua ya kumi na moja, kanga imemganda mwilini. Kisigino kilijaa maji, kikafurika. Vidole viliyeyuka kimoja kimoja mpaka tope likawa sawa.

"Twende," akasema. "Kesho tunapanda."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alinifuata mimi, nisije nikaugua. Nilipokuja kuishi na mama huku, nilimsimulia hivyo hivyo jioni moja, akiwa anavua sare ya kazi yake ya kutunza wazee. Akanikatiza.

"Subiri. Ulimkuta yuko pale tayari?"

"Ndiyo."

Mama akakaa kitandani, mkono mmoja bado umo ndani ya sare.

Anayekufuata hawezi kufika kabla yako. Sikuliona hilo mpaka usiku ule. Nilidhani nyayo zile zilikuwa za mama yangu tu. Sikuwahi kufikiria kwamba Bibi, aliyeihitaji mvua kuliko mimi, alikuwa amekwenda kuziaga nyayo za mtoto wake.